Presha ya Msimu wa Kahawa: Kweli au Si Kweli?

Siku ya kliniki ya presha, benchi limejaa tangu saa moja asubuhi. Mama mmoja, kitenge kiunoni, miguu ina vumbi jekundu la barabara ya Nkwenda, ananyoosha mkono kwa muuguzi. Mashine inavuma, inabana, inapumua. Namba zinatokea: 168 kwa 102. Muuguzi anamuuliza kama dawa anameza.

"Nameza, mwanangu. Ila presha yangu mimi ni ya msimu. Kahawa ikianza kuiva, na yenyewe inapanda. Fedha ikiisha, inashuka."

Benchi zima likacheka, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za mkoa wa Kagera zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, fedha nyingi za nyumba huingia mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno. Hapo ndipo madeni yanapobisha hodi, ada za shule zinapokumbukwa, na mke anapogundua kwamba nusu ya kahawa iliuzwa zamani kwa butura, ikiwa bado maua mtini. Wengine wanagundua mengine, kwamba kuna nyumba ya pili inayosubiri fedha hiyohiyo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika kwenye daftari kauli ninazozisikia kuhusu familia, mawazo na mwili: Kayanga sokoni, kwenye mabenchi ya Kaisho, kwenye basi la Bukoba. Kila nilipozilinganisha na yale ambayo utafiti umeyaonyesha, niliona jambo lilelile. Mawazo yanabebeshwa kesi zisizo zake, na kesi zake hasa hakuna anayezifungua.

"Vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo"

Si kweli, na hii ndiyo kauli yenye mizizi mirefu kuliko zote. Sema tu Omurushaka kwamba tumbo linakuchoma: wa kwanza atakuuliza nani anakusumbua nyumbani, wa pili atakushauri unywe maziwa. Hata madaktari waliamini hivyo kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall wakafanikiwa kuotesha maabara bakteria waliotoka kwenye matumbo ya wagonjwa, ambao leo wanaitwa Helikobakta pailori. Wakasema hao ndio wanaoleta vidonda, na wenzao wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall akakoroga bakteria hao, akawanywa. Haukupita muda mrefu akaanza kutapika, na alipochunguzwa tumbo lilikuwa limewaka kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Mshitakiwa wa pili ni dawa za maumivu, diklofenaki na aspirini zikiwa mbele, ambazo mkulima aliyechoka mgongo kwa kupalilia huzinunua duka la dawa kama anayenunua pipi.

Kinachonichekesha kidogo ni hiki: wengi wetu bakteria hawa tuliwapata utotoni, ndani ya familia, mara nyingi kutoka kwa mama mwenyewe. Kwa hiyo vidonda kweli hutoka nyumbani, ila kwa mikono, mate na vyombo, hata katika nyumba ambayo watu hawajawahi kuinuliana sauti.

Je, mawazo hayana kosa lolote hapa? Yana msaada yanaoutoa kwa mhalifu. Baada ya tetemeko lililobomoa mji wa Kobe, Japani, Januari 1995, hospitali zilipokea wagonjwa wa vidonda vinavyotoa damu wengi kuliko kawaida, hasa wazee. Sisi wa Kagera tuliotikiswa Septemba 10, 2016 tunazikumbuka zile siku za kuogopa kulala ndani. Hofu na kukosa usingizi huchokoza kidonda kilichokwisha kuwapo. Lakini anayeambiwa "punguza mawazo" akarudi nyumbani bila kupimwa, anarudi na bakteria wake. Tiba yake ni antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida wiki mbili, na dozi imalizwe.

"Presha ni ugonjwa wa mawazo, nikitulia naacha dawa"

Nusu ya kwanza ina ukweli kidogo. Nusu ya pili imezika watu.

Ukimkuta nyoka migombani, tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, na nyuma yake kotisoli. Moyo unadunda, mishipa inabana, sukari inasukumwa kwenye damu, tumbo linasimamisha kazi zake. Nyoka akijiendea, baada ya muda mwili unarudi mahali pake. Tatizo ni kwamba nyoka huondoka. Shemeji anayedai kibanja haondoki. Analala chumba cha pili na asubuhi mnakunywa chai pamoja. Mwili uliotengenezwa kwa ajili ya nyoka haujui la kufanya na shemeji, basi unaiacha kengele ikilia.

Hata hivyo presha ya kudumu, ile inayopimwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, ina wazazi wengi: umri, urithi wa ukoo, uzito, pombe, na chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kupikiwa kwenye ndizi na maharage. Kopo la chumvi linalozungushwa mezani kabla mtu hajaonja, hilo nalo lina kesi yake.

Turudi kwa yule mama. Muuguzi hakubishana naye. Alimwacha akae dakika kadhaa, mgongo umeegemea, maana alikuwa ameshuka kwenye bodaboda akaingia moja kwa moja. Mara ya pili mashine ikasoma 152 kwa 94. Bado juu, lakini si zile za kwanza. Kisha wakahesabu vidonge vilivyobaki. Msimu uliopita alikuwa ameruka siku nyingi, kwa kuwa alfajiri yuko shambani na usiku anaanika na kulinda kahawa isiibwe. Usingizi wa saa nne tu, dawa zimesahaulika, ugomvi juu. Presha ya msimu ipo kweli, ila ilikuwa inaingia kwa milango mitatu na yeye alikuwa anaulaumu mmoja.

Presha nyingi haziumizi kichwa wala hazitoi taarifa. Anayejisikia vizuri akitumia dawa, dawa ndiyo inayofanya kazi.

"Nyumba ikiwa na ndizi, mtoto atakua tu"

Si kweli, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mkoa wetu ndio mfano wa kusikitisha. Kagera ina migomba hadi mlangoni, lakini utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa wakikaribia 42 katika kila 100 mwaka 2015/16, na 34 katika kila 100 mwaka 2022. Kitaifa mwaka 2022 walikuwa 30. Sababu kubwa zinajulikana: ndizi hujaza tumbo lakini haina protini ya kutosha, kuna minyoo na kuhara, na mama anayelima siku nzima hana nafasi ya kumlisha mtoto mchanga mara nne au tano. Nyumba isiyo na amani haiwezi kulaumiwa kwa yote hayo. Ila ina fungu lake, na fungu hilo limewahi kuonekana bila kutafutwa.

Mwaka 1948 Mwingereza Elsie Widdowson, mtaalamu wa lishe, alikuwa Ujerumani akifuatilia watoto wa nyumba mbili za yatima. Miezi sita wote walikula mgao uleule. Miezi sita iliyofuata nyumba moja iliongezewa mkate, jamu na maji ya machungwa. Alitarajia hao wanenepe zaidi. Ikawa kinyume: waliobaki na mgao wa zamani ndio walioongezeka uzito zaidi. Alipochunguza akakuta kwamba wiki zilezile chakula kilipoongezwa, msimamizi mmoja mkali alihamishiwa nyumba hiyo. Mama huyo alipenda kuwakaripia watoto mbele ya wenzao, na wakati aliouchagua ni wa chakula. Supu inapoa, mtoto analia, wengine wanatetemeka wakisubiri zamu. Alikuwa na vipenzi wake wanane aliohama nao, hao walinawiri. Makala yake kuhusu hayo ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1951.

Nimesimulia habari hii katika kikao kimoja cha kijiji, na mzee mmoja akainamisha kichwa, akasema polepole kwamba kwake kesi zote za nyumbani husikilizwa wakati wa chakula cha jioni, kwa sababu ndiyo saa pekee watu wote wapo.

Ushahidi mwingine haukuhitaji kwenda Ujerumani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hapahapa Kagera mwaka 1983, na kati ya 1991 na 1994 watafiti walianza kufuatilia kaya zaidi ya 900 mkoani, Karagwe ikiwamo, kisha wakazitafuta tena mwaka 2004, hata kwa waliohamia Uganda. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walipopiga hesabu, wakakuta kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alifika utu uzima akiwa mfupi kwa karibu sentimita 2 kuliko ambavyo angekuwa, na akiwa amepungukiwa karibu mwaka mzima wa shule. Sentimita hizo zina majina mengi: chakula, dawa, mtu wa kukuamsha, mtu wa kugundua kwamba hukula. Siwezi kuzitenganisha, na sidhani mtoto mwenyewe anaweza.

Wapo wanaosema mtoto mchanga haelewi, kwa hiyo mgombane tu akiwa amelala. Mwaka 2013 watafiti wa Oregon, Marekani, walipima ubongo wa watoto wa miezi 6 hadi 12 wakiwa usingizini huku wakisikilizishwa maneno kwa sauti ya hasira. Ubongo ulijibu, na wale ambao wazazi wao waligombana sana walijibu kwa nguvu zaidi katika sehemu zinazohusika na mshtuko.

"Huyu mtoto amebemendwa"

Si kweli. Neno hili lilizaliwa mbali na hapa lakini sasa linasikika kila kona ya nchi: mtoto akikonda, miguu ikalegea, wanasema baba au mama alitoka nje ya ndoa kisha akamshika. Usaliti una madhara mengi, lakini haupiti kwenye mikono ukaingia kwenye miguu ya mtoto. Mtoto anayekonda amekosa chakula, au ana kifua kikuu, VVU, kuhara kusikokwisha au moyo wenye hitilafu. Yote hayo yana vipimo.

Ubaya wa kauli hii ni muda inaoula. Familia inakaa kikao cha kumtafuta mkosaji, mama anahojiwa na mawifi, na utepe wa kupimia mkono wa mtoto, ule wa rangi ya kijani, njano na nyekundu, uko kwa mhudumu wa afya nyumba ya tatu. Ndoa inakufa na mtoto naye anaendelea kukonda.

Nayo ile ya "maziwa yamekauka kwa hasira"? Nusu. Mshtuko na huzuni huzuia maziwa yasishuke kwa muda. Yapo, ila hayatoki. Mtoto akiendelea kunyonyeshwa, na mama akapata mtu wa kumpokea kuni na ndoo, hurudi. Maziwa ya mwenye hasira hayageuki sumu.

"Kidonda hakijui kama nyumbani kuna amani"

Kinajua. Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Ohio waliwaita wanandoa 42, wakawatia vidonda vidogo vya malengelenge mkononi kwa ridhaa yao, kisha wakawapa nafasi wazungumze. Mara moja mazungumzo ya kutiana moyo, mara nyingine jambo wanalogombania. Baada ya ugomvi vidonda vilichelewa. Wanandoa waliokuwa na uhasama mkubwa, vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya ile ya wenzao. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2005. Kotisoli ikizidi, kemikali zinazoita askari wa mwili kwenye jeraha huchelewa kuitika.

Wanandoa 42 ni wachache, na Ohio si Kyerwa. Lakini huku watu hukatwa na panga kila msimu, na nadhani muuguzi anayefunga kidonda kisichofunga, pamoja na kupima sukari, ana haki ya kuuliza: nyumbani mnalalaje?

Kauli pacha ya hii ni kwamba kipigo kikishapona alama, kimekwisha. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na 56 Mbeya walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi huyo. Katika nchi zilizochunguzwa, waliowahi kupigwa walieleza zaidi maumivu, kizunguzungu na shida ya kutembea katika wiki nne zilizopita, hata pale ambapo kipigo kilikuwa cha miaka ya nyuma. Kagera haikuwa katika utafiti huo. Wauguzi wa huku hawataushangaa.

"Mjane humfuata mwenzake"

Kweli, kwa kiasi, na wagane zaidi. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1963, wagane 4,486 wenye miaka 55 na kuendelea walifuatiliwa. Katika miezi sita ya kwanza vifo vyao vilizidi kwa karibu asilimia 40 vile vya wanaume wenye ndoa wa rika lao. Baadaye viliteremka. Na moyo kuvunjika si usemi tu: Wajapani walieleza mwaka 1990 hali ambayo moyo, baada ya mshtuko mkubwa, hupooza ncha na kuvimba mfano wa chungu cha kutegea pweza, wakaipa jina hilo la chungu, takotsubo. Wengi wanaoipata ni wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona ndani ya wiki chache. (Kumweleza mtu wa Bugene mtego wa pweza ni kazi, mimi husema mtungi wa shingo nyembamba, anaelewa.)

Huku kwetu, hata hivyo, msiba una mkia ambao Wajapani hawakuuandika. Siku arobaini hazijaisha, wanaukoo wanapima kibanja kwa hatua. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Holaria Pastory kutoka mkoani humu, aliamua kwamba mila iliyomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi ni ya kibaguzi. Uamuzi upo miaka yote hii. Mjane anayelala akisikiliza kama mgomba unakatwa usiku haujui, na mwili wake unaishi katika ule usiku.

"Nikinywa lubisi kidogo, mawazo yanapungua"

Si kweli kwa zaidi ya saa mbili. Lubisi, kama pombe nyingine, hukupa usingizi na kuuvunja saa nane usiku, inapandisha presha, na inamega fedha ambayo ndiyo ilikuwa chanzo cha mawazo. Sina la kuongeza.

"Mwenye ndugu wengi hana wasiwasi wa afya"

Inategemea ndugu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu 308,849, wakakuta wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa asilimia 50, kuliko wenye mahusiano dhaifu. Wengi hunukuu namba hiyo kama sifa ya familia kubwa. Lakini bibi aliyeachiwa wajukuu sita ana ndugu wengi kuliko mimi, na ndiye anayelala mwisho na kula mwisho.

Nshamba, wilaya jirani ya Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee wa namna hiyo pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilipewa jina la vitu ambavyo fedha hiyo hununua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Ni vitu vidogo mno, lakini kuvikosa ndiko kunakomfanya bibi aamke saa tisa usiku akihesabu vidole. Ukimpa ushauri nasaha bila sabuni, atakushukuru kwa heshima na kuendelea kuhesabu.

Yule mama wa Nkwenda alipewa vidonge vya mwezi mmoja na ushauri ambao sikuutarajia. Muuguzi alimwambia aviweke ndani ya kikombe anachokunywea chai ya alfajiri, kabla ya kwenda shambani, kisha akamuuliza kama mzee anaweza kuja naye siku moja. Mama akacheka tena, safari hii peke yake.

"Kwa nini aje? Presha ni yangu."

"Aje apimwe na yeye."

Kwenye kadi akaandikiwa tarehe ya kurudi: wiki ya pili ya Julai, kahawa ikiwa inauzwa.